Proksi ya Sumeya na Salamu za Barke

Mtaani kwetu Kismayo nasifika kwa kulalamika, na wanaosema hivyo hawanisingizii. Nimezaliwa kisiwani Chula, nikawahi kuona kasa akivuliwa kwa samaki hai anayeitwa taza: unamfunga uzi mkiani, unamwachia, anakwenda kuganda kwenye gamba la kasa, nawe unavuta. Leo hakuna anayefuga taza. Nikimsimulia kijana, anachungulia simu yake kwanza kuona kama nasema kweli. Lugha yetu yenyewe ya visiwani watoto wanaisikia kwa bibi zao na kuijibu kwa Kisomali. Shule sikuipata. Kusoma nilijifundisha kwa magazeti yaliyofungiwa sukari dukani, na habari nyingi sikuzijua mwisho wake, kwa kuwa mwisho ulikuwa umekwenda na sukari ya mtu mwingine. Basi mtu wa namna yangu akikaa kumwandika mtu kwa sifa, na ndani ya sifa hizo mna kompyuta, msomaji ajue nimeshindwa kunyamaza.

Ninayemwandika ni Sumeya, binti wa marehemu Husein kalafati. Husein alikuwa fundi wa kuziba mashua. Alipita na nyundo yake ubao kwa ubao, akishindilia pamba yenye mafuta kwenye kila upenyo, na chombo kilichotoka mikononi mwake kilikaa kikavu ndani. Sasa boti ni za faiba na kalafati hana la kufanya. Chumba alichowekea vyombo vyake, Sumeya amekigeuza mahali pa kuchajia simu, kuzitengeneza, na kutumia waifai. Ni mwanamke wa makamo, mnene, anacheka kwa sauti ambayo mama yake alijaribu kuikataza akashindwa. Mimi huenda pale kila siku kusoma habari, nakaa juu ya sanduku la vyombo la baba yake. Ananiita ami kwa heshima, kisha ananitania bila heshima yoyote.

Siku moja Barke alinijia nyumbani. Barke ni mjane, tumetoka kisiwa kimoja, na mwanawe wa pekee, Walidi, aliondoka kutafuta maisha. Alipita Sudan, akafika Libya, kisha simu yake ikazima. Miaka imepita. Barke hana kaburi la kumwombea wala sauti ya kuijibu.

"Kaka Fahmi," akasema, hata kukaa hajakaa, "nitafutie mnunuzi wa mashua."

Mashua ile ni ya mbao, ya marehemu mumewe, imepandishwa pwani Chula. Kila mwaka Barke hupeleka mtu kuipaka mafuta ya papa ili mbao zisipasuke. Anamwekea Walidi.

"Mashua ya Walidi?"

"Ndiyo nitakayomkomboa kwayo. Yuko mikononi mwa wachu," akasema kwa lafudhi ya kisiwani, yaani watu. "Wameniambia nitume pesa kabla ya Ijumaa."

"Akina nani wamekwambia?"

Akanionyesha simu. Ilikuwa imejaa matangazo kiasi cha kutoona kilicho chini yake. Kulikuwa na viatu, dawa za sukari, mwanamke anayecheka peke yake, na katikati, mwanamume mwenye kanzu safi akisema kwa Kisomali: "Assalamu alaykum, mama. Una ndugu aliyepotea? Tunampata." Halafu linakuja duara la kijani la kubonyeza.

"Ukabonyeza?"

"Mchu kanisalimu, kaka. Nisimjibu?"

Wazee wa visiwani hatuwezi kuiacha salamu ikaanguka chini. Mtu akikusalimu barabarani na humjui, unaitikia. Adui akikusalimu, unaitikia, kisha ndiyo mnaendelea na uadui wenu. Barke alikuwa ameitikia kila salamu iliyopita kwenye kioo kile, na kila aliyeitikiwa aliuliza jina lake, jina la mwana, mahali anapoishi, ana mali gani. Akawaambia na habari ya mashua. Sasa walikuwa wakimpigia wakiijua kama vile wamelelewa Chula.

Nikamwambia, "Twende kwa Sumeya kwanza. Mashua haitakimbia."

Sumeya aliishika ile simu, akaitazama kama baba yake alivyotazama ubao uliooza. Akamuuliza Barke kama hao watu wamewahi kumsikilizisha sauti ya Walidi. Hapana. Picha yake? Hapana, wao ndio walioomba picha.

"Mama Barke, hawa hawanaye," akasema polepole. "Walichonacho ni maneno yako mwenyewe wanakurudishia."

"Wamejuaje kama natafuta mwana kabla sijawaambia?"

"Ulipotafuta mara ya kwanza, ukurasa uliofungua ulikwenda kuwaambia wengine. Kurasa nyingi ziko hivyo. Zina macho ndani. Muulize ami Fahmi, alitafuta dawa ya magoti mara moja tu."

Hilo ni kweli, na lilinikera mwaka mzima. Kila habari niliyofungua, magoti ya watu yalikuwa yamekaa pembeni yakinitazama.

"Magoti yako yanajulikana mpaka Ulaya, ami," Sumeya akaongeza, akacheka kicheko chake.

"Zamani mgonjwa alikuwa na siri yake," nikasema.

"Basi ngoja nikurudishie zamani zako."

Sikumwamini. Lakini kuanzia asubuhi iliyofuata nilimkuta amejiinamia juu ya laptopu kuukuu, kioo kimepasuka pembe moja, iliyoachwa na mteja asiyerudi. Alikuwa akiweka programu aliyofundishwa na Zakir, binamu yake wa Mombasa, kwa jumbe za sauti. Wanaiita proksi. Nilimlazimisha anieleze mpaka nielewe, maana siandiki nisichokielewa.

Kwa kawaida, simu ikitaka ukurasa, inakwenda yenyewe kuuchukua, na ukurasa unakuja na kila kilichoung'ang'ania. Sasa simu zote za chumba kile zingeiomba laptopu kwanza. Laptopu ndiyo itakayokwenda. Ina orodha ndefu ya anwani zinazojulikana kwa matangazo na kwa kupeleleza watu. Kitu kikitoka huko, haikipokei. Vingine inavikata vile vialama wanavyokutia ili wakujue kesho. Kinachobaki ndicho unachopewa. Nikamwambia, "Ni kifumbu." Maana mama zetu walichuja tui kwa kifumbu cha ukindu, machicha yakabaki huku, tui likapita.

"Ndiyo hicho, ami. Ila kifumbu hiki mchana kutwa kinachuja nazi za watu wote."

Kazi haikuwa nyepesi. Ilibidi aingie kwenye kila simu, sehemu ya waifai, aandike nambari ya laptopu na nambari ya mlango ambao programu inasikilizia. Alikosea mara ya kwanza, simu zote zikakatika, wateja wakamtukana mpaka marehemu Husein akatajwa. Akaanza upya. Alikuwa akizungumza peke yake, "Hapa panavuja, hapa pia," na mimi nikakumbuka nyundo ya baba yake, nikageuza uso.

Ilipokubali, hata mimi niliona tofauti. Kurasa zilifunguka upesi, nyeupe, zimetulia. Nikasoma habari moja mwanzo mpaka mwisho, bila goti hata moja. Fardowsa, muuza chapati wa jirani, akauliza kama bando lake limeongezwa, kwa namna lilivyodumu.

Barke peke yake hakufurahi. Alikuja Alhamisi, akafungua simu, akatafuta wale watu wake. Hawakuwapo. Sumeya alikuwa amekwisha kuzizuia nambari zao pia, kwa ruhusa ya Barke aliyoitoa bila kuielewa vizuri. Alisubiri, akabonyeza tena, akasubiri. Kisha akasimama.

"Mmemfungia mwanangu mlango."

"Mama Barke, wale walikuwa wezi."

"Wezi walioniita mama! Walionitajia jina lake kila siku! Wewe nani mwingine unanitajia jina la Walidi? Kaka Fahmi nawe, umekaa juu ya sanduku hilo kama chura, umewahi kulitaja?"

Alikuwa na haki. Sote tuliliepuka jina lile tukidhani tunamhurumia, tukawaachia wezi kazi ya kulitaja.

Sumeya hakubishana. Alimvutia kiti. "Kaa, mama. Tumtafute Walidi. Nionyeshe ulikokuwa ukitafuta kabla ya hao wa salamu."

Barke akakaa kwa hasira. Akamwelekeza kwenye ukurasa mmoja wa Wasomali walioko nje, wanaoweka habari za waliopotea. Sumeya akaandika jina la Walidi na la baba yake. Hakuna. Akaandika Chula. Hakuna. Akashuka chini: majina, umri, na kando ya kila jina kimraba chenye madoa ya kijivu na meupe, kama kitambaa cha meza.

"Hayo ni matangazo yaliyozuiwa," Sumeya akasema, akashuka haraka.

Barke akamshika mkono. "Rudi. Hapa palikuwa na nyuso."

"Nyuso?"

"Siku ile ya kwanza. Niliona nyuso mbili tatu, kabla lile la viatu halijazifunika. Vijana. Hapa, hapa, na hapa."

Sumeya akafungua sehemu ya programu inayosema nini kimezuiwa na kwa nini. Akasoma, akajipiga paji la uso. Picha za waliopotea zilikuwa zikiletwa na anwani ileile iliyoleta matangazo. Proksi haikutofautisha uso wa mtoto wa mtu na picha ya kiatu, ilizuia vyote. "Nimeziba mpaka dirisha," akasema. Akaandika mstari mmoja kuiambia: anwani hii, kwa ukurasa huu tu, ipite. Akafungua upya.

Vimraba vikageuka nyuso.

Zilikuwa nyingi, za vijana kwa wasichana. Kila mmoja amepotea kwao, naye anawatafuta wake, ameshika karatasi: anamtafuta kaka, anamtafuta mke. Sumeya alitaka kushuka haraka kutafuta jina, lakini Barke akaichukua simu. Kwenye uso wa kwanza akasema, "Assalamu alaykum, mwanangu." Akautazama, akamwombea, akapita. Kwenye wa pili vilevile.

Nikashindwa kuvumilia. "Dada Barke, hivi utafika kesho."

"Nawe una safari gani? Nisiwapite wana wa wenzangu kama nawapita mawe."

Basi tukakaa. Fardowsa akaleta chai. Barke akawasalimu wana wa wenziwe mmoja mmoja, na kwa kuwa aliwasalimu, aliwatazama. Mimi nilikuwa natazama majina tu. Ndiyo maana jina lililoandikwa Famau lilipofika nililipita, Sumeya akalipita, na Barke akaanza salamu yake, "Assalamu alay..." asiimalize.

Kijana amekonda, ndevu zimeanza, shavu limeingia ndani. Famau, Msomali. Karatasi aliyoishika inasema anamtafuta mama yake.

Famau ni ukoo wao. Walidi aliulizwa wewe nani, akajibu kama tunavyojibu sisi kwa wageni, akataja watu wake kwanza, na karani akaandika hilo akafunga. Kwa jina tungemtafuta mpaka kiyama.

Barke hakulia. Alikigusa kile kioo kwa kidole, taratibu, kama anayeogopa kukibonyeza. "Hajala," akasema. "Mtazameni, hajala."

Sumeya ndiye aliyewaandikia wenye ukurasa siku ileile, akawatumia habari za Barke zile tu zilizotakiwa, si neno moja zaidi. Wao wakawafikia watu wa misaada kule Walidi aliko. Wale wa kanzu safi walimpigia tena kwa nambari nyingine, na Sumeya alimfundisha Barke: nambari usiyoijua, hata ikisalimu, nyamaza. Ilikuwa kumfundisha kuacha jambo alilolelewa nalo, na nilimhurumia kuliko ninavyojihurumia mimi.

Jumatatu asubuhi tulikuwa pale chumbani. Simu ya Barke ikalia, nambari ndefu ya nje, ileile ambayo wenye ukurasa walituambia tuingoje. Akaipokea, akaiweka wazi tusikie. Kelele za upepo, kisha sauti ya mwanamume, nzito kuliko tuliyoiacha.

"Assalamu alaykum, mama."

Barke akafumba mdomo kwa mkono wake mwenyewe. Akamtazama Sumeya, macho yamemjaa, akisubiri ruhusa.

"Mama? Mashua bado iko?"

"Mjibu, mama," Sumeya akasema. "Huyu mjibu."

Akaitikia. Aliitikia kwa ukamilifu wake, na rehema na baraka zote, kisha akaanza tena mwanzo, mpaka Walidi akacheka kule aliko.

Mashua haikuuzwa. Walidi bado yuko mbali, karatasi zake zinashughulikiwa, na mambo hayo yana taabu yake. Lakini kila Ijumaa anapiga, na mwezi uliopita mafuta ya papa yalipelekwa Chula kama kawaida. Laptopu yenye kioo kilichopasuka sasa imewekwa juu ya sanduku la Husein, nami nimepewa kiti cha plastiki ambacho nakilalamikia kila siku. Sirudishiwi taza, wala mashua za kuzibwa kwa pamba. Ila kila ninapopita mlangoni kwa Sumeya nasimama kidogo kabla ya kuingia, namwombea baba yake aliyemzaa, na yeye mwenyewe aliyejua kuziba, na siku ile akajua kuzibua.