Minyoo Niliyoifuata Msanzi

Chuoni wenzangu walichagua malaria na kifua kikuu, magonjwa yenye heshima zake. Mimi nilichagua minyoo. Mama yangu kule Mbeya huwaambia majirani kwamba binti yake "yuko mambo ya hospitali", na habari inaishia hapo. Wiki iliyopita nilihitaji sampuli za choo kutoka kijiji cha Msanzi. Bila hizo, utafiti wangu ulikuwa umekufa.

Saa kumi na mbili asubuhi niliondoka Majengo, mjini Sumbawanga, kwa pikipiki, vikopo vya sampuli mgongoni, meno yakigongana kwa baridi ya Ufipa. Njia nzima nilifanya mazoezi ya hotuba yangu ya kunawa mikono.

Saa tatu nilikuwa uani kwa Bibi Telesia, ambaye majirani humsikiliza kuliko mwenyekiti wa kijiji.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Alileta togwa ya ulezi, akanywa funda moja mbele yangu, ndipo akanipa. Kwake anayeleta kitu huonja kwanza, ili mwenzake aone hakina neno. Nikanywa, nikawahutubia majirani waliojaa uani, nikaanza kugawa vikopo. Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Mimi nimeanza mbele yako," alisema Bibi. "Na wewe umeleta jambo lako. Anza."

"Bibi, mimi ni mtafiti!"

"Kwani mtafiti haendi chooni?"

Ua mzima ukaangua kicheko. Niliona aibu, jamani! Lakini nilivitazama vile vikopo vitupu, nikachukua kile chenye namba moja. Nilipotoka chooni walinipigia vigelegele. Kufika saa sita kila nyumba ilikuwa imeleta chake, tena kimejaa pomoni.

Jioni, Sumbawanga, kaka Ezekia wa maabara aliinua macho kutoka kwenye darubini.

"Dada, watu wako wazima kabisa. Ila huyu namba moja, mh! Huyu anafuga."

Keshokutwa yake nilirudi Msanzi, maana nilikuwa nimewaahidi kusoma majibu hadharani, na kila mtu aliruhusu lake lisomwe. Nikaanza na langu. Bibi Telesia alicheka mpaka akashika nguzo, kisha akaniletea maji na sabuni, akanisimamia ninawe kidole kwa kidole.

"Aliyetangaza minyoo yake hatatuficha yetu," aliwaambia wenzake. "Mwanangu, kitongoji cha pili nao wanataka vikopo."

Mganga hajigangi, hilo nimejifunza kwa aibu yangu mwenyewe. Utafiti umepona. Mimi bado niko kwenye dozi.