Aliyevaa Sare Yangu

Katika duka kubwa la mtaa wa Ntinda nilikokuwa askari wa mlangoni, hakuna aliyeruhusiwa kuugua. Ukishindwa kuamka, ulileta mtu wako asimame badala yako: dada, shemeji, jirani, yeyote ambaye sare inamwenea. Msimamizi wetu alijivunia sana utaratibu huo. Aliuita umoja.

Mimba yangu ilipoanza kunisumbua nikawa natapika hata maji. Daktari wa kliniki ya Kamwokya aliniamuru nilale, la sivyo nitampoteza mtoto. Nikampigia msimamizi simu.

"Mimba si ugonjwa, bibi. Mke wangu amezaa wanne, hajalala hata siku moja."

"Ulimuuliza?"

"Leta mtu," akasema, akakata.

Sikuwa na mtu ila mdogo wangu wa kike. Wazazi wetu walipokufa niliacha shule ya msingi ili yeye na wadogo zetu wasome, na sasa alikuwa anamaliza sekondari, mtihani uko mlangoni. Akavaa sare yangu, akakaza mkanda.

"Wiki hii tu, dada," akaniambia.

Nilipopata nafuu nikarudi kazini. Nikamkuta anapekua mikoba ya wateja. Msimamizi akanivuta pembeni.

"Huyu tunabaki naye. Hatapiki, na wateja wanampenda. Wewe kalee tumbo. Mshahara si unaingia nyumba ile ile?"

Akacheka, akingoja nami nicheke.

Kwa maneno yale machache alinifukuza kazi kwa sababu ya mimba, akamtoa shule binti ambaye mimi niliacha shule kwa ajili yake, na bado alitaka nimshukuru. Na ubaya ni kwamba mdogo wangu alikuwa ameshakubali.

"Acha nibaki, dada. Nitasoma jioni."

Mimi pia nilisema hivyo zamani, kwamba nitasoma jioni.

"Kavue," nikamwambia. "Vaa nguo zako uende shule."

"Ukimwondoa, nani atalinda mlango?" msimamizi akauliza.

"Mimi. Kazi ni yangu."

"Sijakurudisha."

"Basi niandikie kwamba umenifukuza kwa kuwa nina mimba. Nitaipeleka karatasi yako kwa afisa wa kazi, akusomee yeye sheria."

Akageuka, akaingia ofisini kwake. Hakuandika kitu. Mdogo wangu akatoka chooni na sare mkononi, analia, amenikasirikia. Nikaivaa. Kifungo cha tumboni kikakataa kufungika, nikakiacha hivyo hivyo, nikamwambia mteja aliyekuwa mbele yangu afungue mkoba.

Kabla ya kujifungua niliugua tena. Nikamtumia msimamizi ujumbe kwamba ninaumwa. Mdogo wangu alikuwa kwenye chumba cha mtihani. Sikupeleka mtu. Nililala; msimamizi akapiga, simu ikalia mpaka ikachoka.