Masuke Meupe ya Mkaza Mwana

Watu walimwita Jiwe kwa ukaidi wake, na jina halikumkera. Alisema chungu hakikai juu ya pamba. Mumewe alipofariki wakamshauri auze majaruba ya mpunga, akayalima yote, na mtoto mgongoni.

Mtoto huyo alipooa, Jiwe akamkatia mkaza mwana jaruba moja karibu na mfereji, akasema mpunga wa humo ni wa binti mwenyewe, hata mume asiuguse. Binti alikulia kwenye cherehani, jembe alilijua kwa macho tu. Lakini jaruba lile alilipenda kama mtu aliyepewa mtoto.

Siku ya kupandikiza, Jiwe alimwambia akate ncha za majani ya miche, kwani nondo hutaga mayai huko. Binti aliitazama miche ilivyo laini, akaionea huruma. Akaipanda vile vile.

Mpunga ukachanua. Asubuhi moja akaja mbio, kanga imelowa, uso unacheka: mpunga wake umetangulia kuiva! Masuke yameshakuwa meupe, na ya majirani bado ni kijani.

Jiwe alijua kabla ya kufika. Suke lililoshiba huinama. Haya yalisimama wima kama mgeni asiyealikwa. Alivuta moja, likachomoka bila ubishi. Punje zote mapepe, maganda matupu. Akalipasua shina kwa ukucha, na ndani funza wa nondo amejilaza kama mwenye nyumba.

Binti hakulia. Akasema polepole, "Mama, lichukue jaruba lako. Mimi na shamba hatukuandikiwa."

Ile methali ya asiyesikia la mkuu ilimfika Jiwe kwenye ncha ya ulimi. Akaimeza, na ilikuwa chungu kuimeza.

"Mimi nikitoa nimetoa. Funga kanga vizuri, uingie."

Wakaingia wote wawili, wakang'oa masuke meupe shina kwa shina, wakayachoma kando. Jirani alipita na bomba la dawa mgongoni, akataka kuwapulizia. Jiwe akamkatalia: funza keshajifungia ndani, dawa itawaua buibui bure, nao hula nondo, ndio walinzi wa shamba wasiodai hata chai. Jirani akaenda zake akicheka kwamba amewahi kuona wachoyo wa kila kitu, ila mchoyo wa buibui ndio kwanza leo.

Mavuno yalikuwa haba. Binti aliyaanika mwenyewe, akayapepeta mwenyewe, wala hakusema neno kuhusu msimu ujao. Jiwe naye hakuuliza, ingawa usingizi ulimpaa.

Ikabaki kazi ya visiki vya mpunga uliovunwa, maana funza hujificha humo akingoja mpunga mwingine. Jiwe alijikokota asubuhi aanze na lile jaruba la karibu na mfereji. Akamkuta binti ameshaingia, tope magotini, anavikata hadi chini na kuvifukia. Jiwe akainama amsaidie.

"Toka, mama," binti akasema bila kuinua kichwa. "Jaruba hili lina mwenyewe."

Jiwe akatoka. Akaketi kwenye tuta, akajitia kununa, lakini mdomo ulimkatalia.