Mama Mkwe Nyuma ya Ukuta wa Jiko

Mama yangu mzazi, Paskazia, na mume wangu, Ngusa, wanaishi ua mmoja hapa Kolandoto tangu baba afariki, na walikuwa hawajawahi kutazamana usoni. Hawakugombana. Ni heshima ya kwetu: mkwe wa kiume hakai karibu na mama mkwe, hampi mkono, hali naye, na mama mkwe hamwiti kwa jina. Mama akielekea bombani, Ngusa anakumbuka ghafla kitu alichosahau chumbani. Wakiwa na la kuambiana, natumwa mimi. "Mwambie baba Rhoda mvua inakuja, aanue mahindi." Mvua yenyewe wote tunaiona. Haya hiyo inaondoka siku mkwe akitoa zawadi na mama akaipokea, na Ngusa kila mwaka alikuwa anasema atatafuta mbuzi. Mimi nina hasira za karibu, sikatai, na kazi ya kupeleka maneno ilikuwa imenichosha.

Mama alikuwa mke wa fundi pikipiki. Baba, mzee Deusdedit, alikuwa na kibanda Kahama, kando ya njia ya kwenda Buzwagi, na mama aliuza uji palepale. Macho ya baba yalipoanza kufifia, mama akaacha sufuria akashika spana. Yeye anaangalia, baba anapapasa, na kwa kazi hiyo wakatusomesha. Wateja wageni walidhani ni utani wakimwona mwanamke na kanga yake kiunoni ameinamia injini. Wakirudi mara ya pili walikuwa wanamwulizia yeye. Baba alipotutoka, magoti ya mama nayo yakawa yamechoka, nikamleta kwangu. Alikuja na kigoda na mkoba wa spana, akausukumia mkoba uvunguni, na tangu siku hiyo alikuwa hajaugusa.

Ngusa yeye alikuwa mchimbaji huko Geita. Aliacha siku ambayo duara, yaani shimo la kuchimbia, liliporomoka na rafiki yake Donatus akiwa chini. Alirudi nyumbani na begi moja, akaniapia hatashuka tena shimoni, akanunua pikipiki ya kubeba abiria kati ya Shinyanga mjini na hospitali ya hapa kwetu. Ndipo nikaanza kulala usingizi kama watu wengine.

Mwaka huu injini ikaanza kugonga sehemu ya juu, tak, tak, tak. Fundi mmoja wa mjini akasema kemshafti imelika, ile shafti inayofungua na kufunga valvu. Akalipwa, akafunga mpya. Hata mvua hazijakatika, mlio ukarudi uleule. Wiki hiyohiyo akapiga simu Mwigulu, aliyekuwa akichimba naye: duara limetema, dhahabu tunaiona kwa macho, njoo. Ngusa alitoa lile begi la mgodini akalitundika kwenye msumari sebuleni, tochi yake ya kichwani ikining'inia juu yake.

Nikamwuliza begi hilo linamsubiri nani.

"Mama Rhoda, fundi simlipi tena," akasema. "Nimeshanunua kemshafti, naifunga mwenyewe. Ikikataa, Jumatatu naenda Geita. Hawa watoto hawawezi kula maneno."

Niliogopa, na mimi nikiogopa nakuwa mkali. Nikamwuliza yeye ni fundi wa wapi. Akanionyesha simu, eti ameangalia video.

Jumamosi asubuhi akatandika gunia uani na kuanza kufungua. Mama akahamishia kigoda chake nyuma ya ukuta wa jiko, asionekane, akawa anachambua mlenda. Mlenda wenyewe ulikuwa konzi moja tu, lakini aliuchambua mpaka jua likawa kichwani.

"Sikujua," akaniita kwa jina langu, "mwulize baba Rhoda, cheni ya taimingi ameifunga na waya, au anataka idondokee ndani?"

Nikazunguka ukuta. "Mama anauliza kama cheni umeifunga na waya."

Ngusa alikuwa amesikia, hata kuku walikuwa wamesikia. "Mwambie mayu nimeifunga," akasema, maana kwa Kisukuma mama ni mayu. Kisha nikamwona anatafuta waya.

Baadaye mama akataka apelekewe kemshafti iliyotolewa. Nikampelekea ikiwa imefungwa kwenye kitambaa. Akaipitishia kidole gumba taratibu, huku na huku.

"Hii haikulika kwa uzee," akasema. "Imekauka. Oili haifiki juu. Akifunga mpya kabla hajajua kwa nini hii imekufa, nayo itakufa tu, awe ameifunga mwenyewe, awe amemlipa mtu. Mwambie achungulie tundu la oili."

Sikuwa na haja ya kumwambia, alikuwa tayari ameinama. Tundu lilikuwa limeziba kwa gundi nyekundu ya gasketi, ambayo yule fundi aliipaka kama anapaka mkate siagi. Ngusa akaichokoa kwa uzi wa waya wa breki ya baiskeli, kikatoka kipande cha ukubwa wa punje ya mtama. Akasafisha kwa petroli, akapuliza, akaniita nione. Uso wake ulikuwa umefunguka, nami nikaanza kupata moyo.

Akafunga kemshafti mpya, akarudisha kava, akakanyaga kiki. Ikagoma katikati. Akajaribu tena, kwa nguvu zaidi.

"Ngusa, acha! Valvu zinagonga pistoni!"

Mama alikuwa amesimama kwenye kona ya jiko, mlenda umemwagika, mkono mdomoni. Alikuwa amemwita kwa jina. Ngusa alibaki ameinua mguu, wakatazamana. Halafu akaushusha mguu, akakaa kwenye gunia.

"Basi," akasema. "Imekataa." Akatazama mlango wa sebuleni.

Nilijua anatazama nini, na hapo uvumilivu wangu ukaisha. "Mama, huyu Jumatatu anashuka shimoni, na dawa ya pikipiki yake unayo wewe nyuma ya ukuta. Donatus alizikwa mara mbili, mara ya kwanza na udongo, mara ya pili na sisi. Mimi sitaki mume wa kuzikwa mara mbili. Na kuanzia sasa neno la mtu silipeleki popote. Semezaneni wenyewe." Nikaanza kulia.

Mama akaingia ndani, akatoka na mkoba wa spana. Akapiga magoti kwenye gunia, polepole, kwa maumivu. Ngusa akahamia upande wa pili na kumpa mgongo, kwa heshima. Mama akaanza kuzungumza, lakini na pikipiki.

"Wewe, tukufungue kava. Alama yako ya chini iko mahali pake. Sasa ya juu..." Akasogeza uso. "Sioni. Humu ndani giza."

Nilikuwa nachukua simu nimmulikie, lakini Ngusa alishaondoka. Akarudi na tochi ya kichwani, akaiweka kwenye gunia, maana mkononi hakuthubutu kumpa. Mama akaivaa juu ya kilemba chake.

"Cheni imeruka meno mawili, ndiyo maana valvu zinakutana na pistoni," akasema. Kisha, bila kugeuka, "Njoo uone mwenyewe. Mimi sitakuwepo siku zote."

Ngusa akageuka, akapiga magoti. Vichwa vyao vilikuwa karibu kugusana juu ya injini ile. Tangu hapo mama hakushika spana tena. Alimulika na kusema, kazi yote ikafanywa na mikono ya Ngusa, mpaka alama ya juu na ya chini zikalingana.

Kiki ya kwanza ikawa nyepesi, ya pili ikawaka. Mama akainamisha sikio. Hapakuwa na tak wala nini. Akamwambia alegeze bolti moja ya juu kidogo tu, na oili ikachuruzika pale. "Inafika," mama akasema, akacheka, na mimi nikacheka na machozi yangu yaleyale.

Ngusa akazima injini. Mama akavua tochi na kuilaza kwenye gunia. Ngusa akaiokota, akaifuta na shati lake, akainama na kuishika kwa mikono miwili.

"Mayu, mbuzi sina. Pokea hii."

Mama akaitazama ile tochi, akatazama mlango wa sebuleni. Mchimbaji bila tochi hashuki popote, na alilijua hilo kama sisi.

"Nimeipokea," akasema.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba, Ngusa. Nawa mikono, tule."

Jumatatu Mwigulu alipopiga simu, niliipokea mimi. Nikamwambia Ngusa amepeleka abiria hospitali, na tochi yake anayo mama.