Debora anayezitafutia picha za watu zizi la pili

Saa tatu na robo asubuhi, Mukendo, mjini Musoma. Debora Masatu anabonyeza kitufe cha kiboksi cheusi kisichozidi ukubwa wa redio ya mezani, anasubiri taa zake nne zizime, kisha anachomoa waya wa umeme na kumkabidhi bosi wake mkononi.

“Haya Mzee, hakipo tena,” anasema. “Chagua.”

Mzee Baltazari Nyamhanga, 68, mwenye studio ya Mugeta Picha, anaushika waya kwa vidole viwili. Wahariri wanne wa video wameondoa mikono kwenye kibodi. Hakuna anayeweza kufanya kazi, kwa sababu kazi zote ziko ndani ya kiboksi hicho.

Leo ni siku ya mwisho ya majaribio ya siku thelathini. Kesho kiboksi ama kinalipiwa, ama kinarudi Mwanza kwa muuzaji. Sharti la Mzee ni moja: yeye achague tukio lolote la mwaka huu na Debora amwonyeshe nakala yake kwenye duka lao la Butiama, huku kiboksi cha Musoma kikiwa kimezimwa. Akishindwa, kiboksi kinaondoka na Debora anaondoka.

“Alinitamkia mbele ya wenzangu,” anasema Debora. “Sikukasirika. Mimi ndiye niliyempotezea mara ya kwanza.”

Mzee anafungua daftari la oda, anapitisha kidole, anakisimamisha. “Komunyo ya kwanza. Mtoto Abraham, Kigera.”

Debora anafumba macho kidogo. Anamjua mama wa mtoto huyo kuliko anavyopenda kumjua.

Debora ana miaka 33 na mtoto mmoja. Alisoma cheti cha kompyuta kwa miezi tisa, akaajiriwa hapa kuchapa picha za pasipoti. Leo analipwa shilingi 480,000 kwa mwezi, na cheo chake, kwa maneno yake mwenyewe, ni “yule dada wa waya”.

Mugeta Picha ina maduka matatu: Musoma, Bunda na Butiama. Inarekodi harusi, mazishi, mahafali na kwaya. Msimu wa harusi ukifika, kuna wikiendi za matukio manne, na harusi moja kabla ya kukatwakatwa hula gigabaiti mia tatu. Asiyejua gigabaiti asisumbuke. Ajue tu kwamba ni mzigo mkubwa, na kwamba hadi miaka michache iliyopita mzigo wote wa studio ulikuwa ndani ya kompyuta moja.

Kompyuta hiyo ilikuwa na diski mbili zilizoandika kitu kile kile kwa wakati mmoja. Debora ndiye aliyezifunga, na alijisifu kwa hilo. “Niliwaambia watu tuna kopi mbili, walale usingizi,” anasema.

Machi 2022 radi ilipiga nguzo ya umeme jirani na studio. Ilipita kwenye waya, ikaingia kwenye kompyuta, ikaunguza diski zote mbili pamoja. Matukio 640 ya miaka minane yalipotea asubuhi moja. Ajali haina kinga, watu walimwambia. Yeye anasema ile ilikuwa na kinga, ila hakuijua.

Wateja wengi walilalamika, wakachoka, wakaacha. Rebeka, mama yake Abraham, hakuacha.

Rebeka, mama lishe wa Kigera mwenye miaka 36, alifunga ndoa mwaka 2015 na Mugeta Picha wakarekodi. Mumewe, Hezron, alifariki mwaka 2023. Siku arobaini zilipopita, Rebeka alikuja studio kuomba harusi yake upya, maana sidii aliyopewa ilikuwa imechubuliwa na watoto hadi haisomi. Hezron alikuwa ametoa hotuba ukumbini. Alitaka watoto wasikie sauti ya baba yao.

“Nilimwambia haipo,” anasema Debora. “Akakaa pale kwenye benchi. Hakulia. Akaniuliza, haipo hapa au haipo popote? Nikamwambia haipo popote. Hilo neno nalisikiaga mpaka leo nikiwa napika.”

Tangu hapo Rebeka amekuwa akipita kila baada ya miezi kadhaa na kuuliza tena. Debora hujibu vilevile. Aliyeumwa na nyoka akiona ung’ongo hushtuka, na mawingu yakijikusanya juu ya ziwa, Debora huzima mashine zote bila kumuuliza mtu. Mapema mwaka huu alimwendea Mzee na kumwambia kwamba hataki kuendelea hivyo, na kwamba studio inunue kitu cha maana cha kuhifadhia kazi.

Mzee hakukataa. Alimwambia achague yeye, lakini ajue anachochagua.

Ndipo Debora akakuta kwamba kuchagua ni kazi. Nathan, muuzaji wa vifaa vya kompyuta wa Mwanza, alimweleza kwanza mtambo mkubwa: diski nyingi zenye netiweki yake ya peke yake na kebo za nyuzi za kioo, shilingi milioni 27. Pili, kukodi nafasi kwenye mtandao na kulipia kila mwezi. Tatu, kiboksi chenye diski nne kinachochomekwa kwenye swichi ya ofisi, kile kifaa kinachounganisha kompyuta, kila kompyuta ikakiona kama kabati lake. Hicho kilikuwa shilingi milioni nne na laki mbili.

Nathan, kwa simu, hafichi alichotaka kuuza. “Nilimweleza vinavyotumika benki,” anasema. “Akaniuliza kama benki wanarekodigi harusi. Nikaona huyu hauziki, nikampelekea kile kidogo.”

Kuhusu kukodi mtandaoni, Debora alipiga hesabu kwenye ganda la boksi la karatasi. Kwa kasi ya intaneti ya Mukendo, harusi moja ingechukua karibu siku tatu kupanda. “Bi harusi anakuwa ameshazoea mawifi, video bado iko njiani,” anasema.

Akabaki na kiboksi. Alimpelekea Mzee maelezo, akamwambia diski moja ikifa, tatu zinaendelea na kazi haisimami. Mzee, ambaye alikulia Mugeta akichunga kabla ya kujua kamera, aliuliza swali moja tu: radi ikipiga zote nne?



“Baba yangu alikuwaga na ng’ombe themanini,” anasimulia Mzee. “Lakini ukija nyumbani unahesabu thelathini. Wengine amewaweka kwa marafiki vijiji vingine. Rafiki anakunywa maziwa, ng’ombe ni wa baba. Ugonjwa ukiingia kwetu au wezi wakija, tunabaki na mbegu. Sasa huyu binti ananiletea zizi moja lenye milango minne, anasema ni mazizi manne.”

Debora anakiri kwamba hapo ndipo alipolielewa kosa lake la 2022. Hakuwahi kuwa na nakala mbili. Alikuwa na ng’ombe wawili kwenye zizi moja. Akaongeza kiboksi cha pili, kidogo, kikae duka la Butiama. Kila usiku kazi iliyokamilika, ambayo ni nyepesi kuliko mkanda mbichi, husafiri yenyewe kwa intaneti kutoka Musoma na kuandikwa kule. Siku ya kwanza alikwenda kukifunga kwa mkono wake, akaona taa ya kijani, akarudi ameridhika.

Alifanya na jambo moja la adabu. Viboksi hivi vikipata shida hutuma taarifa kwa barua pepe. Nathan alimuuliza taarifa ziende kwa nani, akaandika anwani ya Mzee. “Kwetu ng’ombe akifa kwa rafiki, habari inapelekwa kwa mwenye ng’ombe,” anasema. “Sio kwa mchungaji. Mimi nani nipokee habari za mali yake?”

Saa nne na nusu, pikapu ya Mzee inasimama Butiama. Duka la Mugeta Picha hapa ni chumba kimoja chenye pazia jeupe la picha za pasipoti upande mmoja na kiti cha kinyozi upande mwingine. Evance, kijana wa miaka 26, anafanya zote mbili. Anaweka viti, anauliza habari za safari.

Debora hasalimii vizuri. Macho yake yako kwenye rafu. Kiboksi kipo, kimefutwa vumbi, hakina taa hata moja.

Waya wake umelala sakafuni. Kwenye soketi pekee ya ukuta ule umechomekwa waya wa mashine ya kunyolea.

“Nilikuwaga nachomoa nikinyoa, halafu narudisha,” Evance anaeleza, akiwa bado ameshika taulo. “Sasa shule zilikuwa zinafunguliwa, watoto wamejaa mpaka nje. Nikasahau. Halafu nikaona kimetulia, nikajua kimepumzika.”

Debora anakichomeka mwenyewe. Kinachukua dakika nne kuwaka. Anafungua kompyuta, anatafuta. Kazi ya mwisho kuandikwa ni ya siku kumi na tisa zilizopita. Komunyo ya Abraham ilikamilika siku kumi na mbili zilizopita.

Kwenye orodha kulikuwa na matukio mengine zaidi ya mia moja, yote mazima. Angeweza kufungua harusi yoyote ya Bunda na Mzee asingejua tofauti upesi. Anasema wazo hilo lilipita, na aliona aibu lilivyopita.

“Haipo, Mzee,” anasema. “Musoma ipo, haijapotea. Lakini hapa haipo. Kungekuwa na radi wiki hii, ningemwambia yule mama neno lile lile. Niliona taa ya kijani siku moja, nikaamini. Sikurudi kuangalia.”

Mzee anakaa kwenye kiti cha kinyozi. Anauliza kama hiyo mashine haina namna ya kusema ikiwa imezimwa. Debora anamjibu kwamba cha Musoma kikimkosa mwenzake hutuma barua kila asubuhi.

“Kwa nani?”

“Kwako, Mzee.”

Mzee anatoa simu, anampa Evance amfungulie, kwa kuwa miwani iko garini. Ndani kuna barua pepe zaidi ya mia nne ambazo hazijawahi kufunguliwa. Kumi na tisa kati yake zinatoka Mukendo, zote za alfajiri, zote zinasema jambo moja: Butiama haijibu.

Evance anazisoma tatu kwa sauti kisha anairudisha simu.  Mzee anacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyekamatwa.

“Kwa hiyo rafiki yangu amenitumia habari mara kumi na tisa kwamba ng’ombe hayuko,” anasema. “Na mimi nimelala.”

Njiani kurudi wanaliona ziwa. Hapo ndipo anapomwambia Debora lililobaki. Baba yake hakuweka ng’ombe kwa rafiki akakaa. Kila msimu alifunga safari, akafika, akaomba waletwe mbele yake, akawaangalia mmoja mmoja mpaka kwenye kwato. Alikuta wengine wamekufa. Hakuacha kuweka ng’ombe kwa marafiki, aliongeza kuwatembelea.

“Kiboksi nitakilipia,” anasema. “Habari sasa zije kwako. Na kila Ijumaa unamtembelea mmoja. Siku ambayo hujamtembelea, usiniambie yupo.”

Debora anaitikia, kisha anageukia dirishani. Baadaye anasema alikuwa analia na hakutaka pikapu nzima ijue.

Wiki iliyofuata Butiama ilipata soketi ya pili, shilingi elfu kumi na nane pamoja na fundi. Evance amebandika karatasi juu ya ile ya zamani: HUYU HACHOMOLEWI. Kiboksi kiliandika kazi zote zilizokosekana kwa usiku tatu mfululizo.

Ijumaa ya kwanza, saa nane mchana, Debora anazima tena kiboksi cha Musoma na kuita kazi kutoka Butiama. Amemwalika mtu mmoja. Rebeka anakaa kwenye benchi lile lile, mkoba magotini. Kwenye kioo cha kompyuta, mtoto mwenye suti nyeupe inayomzidi mabega anatembea taratibu kuelekea altare, mikono imefumbatwa.

“Hii inatoka wapi?” anauliza Rebeka.

“Butiama, Mama Abraham. Hapa nimezima.”

Rebeka anaangalia mpaka mwisho, pamoja na sehemu ndefu ya watu kula. Hakuna anayemharakisha. Anapoinuka anajifunga kanga vizuri, anafika mlangoni, anageuka.

“Na ile ya harusi?”

“Ile haipo,” anasema Debora.

“Najua haipo, mdogo wangu. Mwanzoni nilikuwaga nauliza kwa sababu nategemea. Siku hizi nauliza ili usisahau.”

Anatoka. Debora anakiwasha kiboksi na kungoja taa nne. Mpango wake, anasema, ni kiboksi kingine Bunda kabla mvua za Machi mwakani hazijaanza, ili mazizi yawe matatu. Anafungua daftari, anaandika tarehe ya Ijumaa ijayo na tukio atakalolitembelea: mazishi, Bunda, mwezi wa pili. Hajui ni ya nani. Anasema ataiangalia mpaka mwisho.