Jogoo wa Mfalme Tatu

Pale Malindi ya milimani, si ile ya pwani, ukimuulizia Kristofa, mkulima wa viazi, yeyote atakuonyesha njia. Ukimuulizia Mfalme Tatu watakushangaa, maana mfalme huyo, ambaye ni Kristofa huyohuyo, aliishi ndani ya simu tu, kwenye kundi la wapenzi wa Falme za Ukungu, mchezo wa kompyuta wa majeshi, mazimwi na ngome za kichawi, ambao umekuwa ukitoka toleo baada ya toleo tangu Kristofa yuko sekondari.

Humo kundini neno lake lilikuwa sheria. Toleo la tatu, kwake, ndilo mchezo wenyewe. Linakuacha ufikiri: unapanga jeshi, unangoja zamu yako, ukikosea unakula hasara yako kimya. La nne lilikuja na rangi nyingi na akili kidogo. La tano alilisamehe kwa ajili ya muziki wake tu. La saba, lile jipya, hakutaka hata lisifiwe mbele yake. Na hakuwa mtu wa kuandika, bwana. Alirekodi sauti, ndefu, za kunguruma, jogoo wake akiwika nyuma, na watu walicheka wakazisambaza.

Siku moja mwanachama aliyejiita Nyota ya Asubuhi, ambaye hajawahi kutuma sauti hata mara moja, aliandika kwamba yeye la saba analipenda kuliko yote, kwa kuwa ni jepesi kujifunza na linaruhusu watu wawili kuongoza ufalme mmoja. Hayo tu. Kristofa akashika simu.

"Wewe ni mama wa mtu, najua, mwanamume hawezi kuandika upuuzi huu," alinguruma. "Ufalme hauongozwi na wawili! Rudi jikoni ukapepete maharage, vita tuachie wenye akili."

Kundi likaangua kicheko. Mmoja akatengeneza kapicha ka kutumiana: ungo wa maharage uliovikwa taji. Kesho yake Nyota ya Asubuhi akajitoa. Kristofa akajiona mshindi, mtu mzima na ndevu zake.

Masika yakaja yakambomolea matuta ya shamba la mlimani. Akaitisha ngemo, yaani majirani wanakuja na majembe yao kukulimia, nawe unawapikia, na chakula unawapakulia kwa mkono wako mwenyewe. Wakaja wengi. Akaja pia Hidaya, Mama Saumu, mjane anayeishi chini kidogo ya mfereji, yule aliyekuwa akimletea uji mama yake Kristofa wakati wa ugonjwa wake. Jembe begani, ungo mkononi.

"Onga makeo," aliwaamkia wote kwa Kishambaa.

"Shikamoo, Mama Saumu," alisema Kristofa.

"Marahaba, mwanangu. Maharage haya mpe Loveness ayatie kwenye makande. Nimeshayachagua."

Loveness, mke wa Kristofa, aliyamwaga chunguni moja kwa moja. Hayakuwa na jiwe wala kapi.

Mchana watu wakakaa ukingoni mwa shamba, Kristofa akapita na sahani. Alipomfikia Mama Saumu, simu ya mama ikalia ndani ya khanga. Ililia kwa baragumu. Kristofa alilijua baragumu hilo. Ni la toleo la saba, alilisikiliza mara nyingi akitafuta la kulikosoa. Sahani ikabaki hewani.

"Ni Saumu huyo," alisema Mama Saumu, akaizima. "Yuko Dodoma, muuguzi. Aliniachia kompyuta yake. Akipata nafasi tunacheza, yeye anashika jeshi, mimi nashika mashamba na maghala."

Kristofa aliinama karibu. "Mama, kule kundini... ulijiitaje?"

"Nyota ya Asubuhi."

"Ulijua kuwa ni mimi?"

"Jogoo wako namsikia kila siku, Kristofa. Na sauti yako naijua tangu unalilia ziwa."

"Na bado umekuja kunilimia?"

"Si matuta yako yamebomoka?" alisema mama, akapokea sahani yake.

Aibu ilimshika Kristofa hata hakujua aangalie wapi. Akiangalia chini, aliona yale maharage kwenye sahani. Alitamani mama amtukane, amrushie hata makande usoni, wawe sawa. Mama alikuwa anakula taratibu.

"Nisamehe, mama," alinong'ona.

"Hapa hujanikosea. Ulinikosea kule, mbele ya watu wako."

Kristofa akatoa simu. Akarekodi palepale, majirani wote wakimsikia, kwamba aliyemtukana ni jirani aliye kama mama yake, kwamba alikuwa mjinga, kwamba anaomba radhi. Sauti haikunguruma hata kidogo. Jogoo aliwika katikati.

Majibu yalikuja kabla hajaketi. Yakaja mfululizo.

"Wanasemaje?" aliuliza Mama Saumu.

Akampa simu. Kioo kizima kilikuwa ungo wenye taji, mmoja chini ya mwingine, na maneno yake mwenyewe: Mfalme Tatu, rudi jikoni ukapepete maharage.

Mama Saumu alikisogeza kioo kwa kidole hadi mwisho.

"Saumu ndiye aliyeniingiza humo kundini," alisema, "nisikae peke yangu."

Akamrudishia simu, akaokota jembe lake, akapanda kwenda kumalizia tuta la Kristofa.