Wingu Kwenye Kifua cha Baba

Nimesomea sanaa mpaka shahada ya pili, na kwa miaka mingi nimekana kwamba picha nyeusi na nyeupe zinanitisha. Juzi hapa Houston, makumbushoni, nilisimama mbele ya litografia ya miaka ya baada ya Vita vya Pili vya Dunia, picha isiyo na umbo la kitu chochote, iliyochapwa kwa wino kutoka kwenye jiwe. Ilikuwa weusi mtupu, na upande mmoja wingu jeupe. Nilirudi nyuma hatua mbili.

Kwetu Nakuru, nilipokuwa mtoto, hospitali ilikuwa ikimpa mgonjwa picha yake ya eksirei aende nayo nyumbani. Alasiri moja Baba alirudi na yake ya kifua, nyumba ikinuka mafuta ya taa na maziwa yaliyofurika jikoni. Niliibandika dirishani, ikalia kama bati jembamba, nikawaita majirani.

"Oneni wingu la Baba! Mvua iko njiani!"

Walitazama, wakatazamana. Nilidhani wameipenda mno. Baba alicheka mpaka kikohozi kikamshika.

"Mwacheni msanii wangu," alisema.

Kabla mwezi haujaisha tulimzika. Tangu hapo nimeomba iwe kwamba hakujua wingu lile lilikuwa nini, maana kama alijua, basi nilimtangazia kifo chake mtaa mzima.

Nilipotoka makumbushoni nilimpigia dada yangu mkubwa, nesi kule Mansfield.

"Baba alijua siku ile?"

"We mtoto, leo umekula nini?" Kisha nikasikia akifunga mlango. "Daktari alimwambia asubuhi, nikiwepo. Njiani akaniomba nisikwambie kitu, ili angalau mtu mmoja nyumbani aifurahie ile picha."